Dawa ya homoni haiui leo: namna ninavyomdhibiti kantangaze akiwa bado mdogo

Mwezi wa nane mwaka juzi, kabla sijamaliza kufagia mbele ya duka langu la pembejeo hapa Ilula, mkoani Iringa, mzee mmoja mkulima wa nyanya alinijia na chupa mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaiweka ile chupa juu ya kaunta. "Mwanangu," akasema, "dawa uliyonipa ni maji. Nimepiga juzi, leo viwavi wanatembea."

Chupa ilikuwa ya lufenuroni, dawa inayovuruga ukuaji wa kiwavi, na viwavi wenyewe ni wa kantangaze, nondo anayeharibu nyanya. Nilimvutia kiti, nikamwomba jambo moja tu: asipige kitu kingine chochote mpaka siku ya tano, na jioni ile nimfuate shambani. Alikubali kwa shingo upande, na simlaumu. Nyanya zilikuwa zimeanza kufunga matunda, na kwa mkulima wa Ilula kila tenga lina ada ya shule ndani yake.

Malalamiko yake niliyajua kwa sababu yaliwahi kuwa yangu. Mwaka 2016, kabla sijafungua duka, nililima ekari moja bondeni kwa maji ya pampu. Nilipiga dawa ya aina hiyohiyo, kesho yake nikakuta viwavi hai, keshokutwa nikapiga nyingine ya kuua papo hapo, baada ya siku nne nyingine tena. Msimu ule nilipiga mara kumi na nne. Nilivuna matenga tisa ya kuuzika. Dawa haikuwa mbovu. Niliipiga kwa kuchelewa, nikaihukumu mapema, na hakuna aliyenieleza kwamba inafanya kazi kwa njia yake. Ndiyo maana leo siiuzi dawa ya namna hii bila kwanza kukaa na mtu dakika kumi. Haya ninayoandika ni zile dakika kumi, na zaidi kidogo.

Sare isiyo na upindo

Kiwavi wa kantangaze akitoka kwenye yai hafiki hata milimita moja. Akikaribia kuacha kula anafika milimita saba au nane. Lakini ngozi yake haikui pamoja naye. Ni kama sare ya darasa la kwanza ambayo fundi hakuacha upindo: mtoto akikua hakuna cha kufumua, lazima ashonewe nyingine. Kantangaze hubadilisha ngozi mara tatu akiwa kiwavi, anaivua tena kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia bila kula, na kutoka kwenye pupa anaruka nondo.

Wanaotoa amri mwilini mwake ni homoni. Ya kwanza inaitwa ekdisoni. Mimi huwaambia wateja ni homoni ya kujivua. Ikipanda, ngozi mpya inaanza kutengenezwa chini ya ile ya zamani. Ikishuka, mdudu anamalizia kazi na kuivua ya zamani. Ya pili ni homoni ya utoto. Ikiwa nyingi wakati wa kujivua, kiwavi hubaki kiwavi, ila mkubwa zaidi. Ikipungua, ndipo anapoingia hatua ya pupa na baadaye utu uzima.

Ni vitu vidogo mno. Wajerumani wawili, Adolf Butenandt na Peter Karlson, walichakata nusu tani ya pupa wa nondo wa hariri, wakapata miligramu 25 tu za ekdisoni. Hiyo ilikuwa mwaka 1954. Chembe ya kiasi hicho ndiyo inayoendesha maisha ya mdudu, kwa hiyo mtu akiivuruga kidogo kwa wakati wake, mdudu hana pa kutokea.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha karatasi. Mtaalamu mmoja wa wadudu, Karel Sláma, alitoka Prague akaenda kufanya kazi na Carroll Williams katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Alikwenda na wadudu wake wekundu wa jamii ya kunguni ambao kwao Prague walikuwa wakikua vizuri. Marekani wakagoma kukomaa. Walifika hatua ya mwisho ya utoto, wakajivua, wakatoka watoto wakubwa zaidi, na kufa bila kuwa wazima. Walichunguza maji, chakula, mwanga, na mwishowe wakafika kwenye karatasi ya kufutia iliyotandikwa ndani ya vyombo vya wadudu. Magazeti ya Marekani yalifanya vilevile. Magazeti ya London hayakufanya. Karatasi ya Marekani ilitengenezwa kwa mti wa jamii ya misonobari ambao una kitu kinachofanana na homoni ya utoto ya wale wadudu. Matokeo yalitangazwa mwaka 1965. Mti, bila miguu wala meno, ulikuwa umejifunza kumfunga adui yake utotoni.

Na sisi Afrika Mashariki tumo kwenye habari hii. Thomas Odhiambo wa Kenya alisomea udaktari wake Cambridge chini ya Vincent Wigglesworth, yule aliyeonyesha miaka ya 1930 kwamba mdudu akikatwa kichwa mapema hajivui, maana amri inatoka kichwani. Odhiambo alirudi nyumbani, na mwaka 1970 akaanzisha ICIPE mjini Nairobi, kituo cha utafiti wa wadudu ambacho hadi leo kinafanya kazi juu ya kantangaze na wengine. Nikiwa na kijana dukani anayedhani mambo haya ni ya Wazungu, humtajia jina hilo.

Soma lebo kabla ya bei

Dawa zinazovuruga ukuaji wa mdudu hazifanani, na ukizichanganya kichwani utapoteza hela. Majina kwenye lebo yameandikwa kwa Kiingereza, lakini utayatambua kwa sauti. Tafuta pia namba ya kundi, inayoonyesha dawa inamdhuru mdudu kwa njia gani. Lebo nyingi siku hizi zinayo.

Kundi la 18, mfano methoksifenozidi, linaigiza homoni ya kujivua. Kiwavi akila jani lenye dawa, mwili unadhani wakati wa kubadilisha sare umefika. Anaacha kula ndani ya saa chache na kuanza kujivua kabla ya siku yake. Ila ile homoni halisi ingeshuka ili amalizie, na dawa haishuki. Anakwama katikati. Ukimtazama kwa kioo cha kukuzia utaona kichwa cha zamani kimebaki kimekaa juu ya kichwa kipya, kama mtu aliyevaa kofia mbili. Kundi hili linawapata viwavi wa nondo na vipepeo. Ukilinunua kwa ajili ya utitiri au vidukari umetupa fedha.

Kundi la 15, ambamo ndimo lufenuroni, novaluroni na diflubenzuroni, si homoni kwa maana kamili ya neno. Hizi zinazuia kitini, yaani kitambaa chenyewe cha sare. Amri ya kujivua inatoka kama kawaida, mdudu anajivua, lakini ngozi mpya ni laini, inapasuka au haimbebi. Hafi mpaka siku ya kujivua ifike. Hapo ndipo mzee wangu alipokwama: kiwavi aliyejivua jana ana siku kadhaa za kutembea kabla hajafika kwenye hukumu.

Kundi la 7, mfano piriproksifeni, linaigiza homoni ya utoto. Kwa nyanya tunalitumia kwa nzi weupe, si kwa kantangaze. Halimuui nzi mweupe mkubwa. Linafanya mayai yake yasitotolewe na watoto wasikomae. Buprofezini, kundi la 16, nayo ni ya nzi weupe wachanga.

Angalia pia kama chupa ina mchanganyiko. Maduka mengi yana lufenuroni iliyochanganywa na emamektini. Hiyo utaona imeua haraka, lakini inayoua haraka ni emamektini, na kwenye hesabu ya kubadilisha makundi inakula nafasi mbili, la 6 na la 15. Hakikisha imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, chupa haijafunguliwa, tarehe haijapita, na zao la nyanya limetajwa. Muuzaji akikwambia "hii ni kiboko ya wote", mwombe akuonyeshe wapi kwenye lebo imeandikwa hivyo.

Mtego ndio kalenda yako

Ukielewa kwamba dawa hizi zinampata mdogo na kumkosa mkubwa, swali linabaki moja: nitajuaje siku ambayo shamba langu lina wadogo wengi? Jibu langu ni beseni.

Kantangaze alipoonekana mara ya kwanza nchini, mkoani Arusha mwaka 2014, wengi walimjua kwa majani yaliyokauka kama yamepitiwa na moto. Huko ni kuchelewa. Nondo mwenyewe ni wa kijivu, urefu wa punje ya mchele, mchana anajificha, anaruka jioni na alfajiri. Jike hutoa harufu ya kumwita dume. Harufu hiyo ni feromoni, ambayo watu huichanganya na homoni. Homoni inafanya kazi ndani ya mwili wa mdudu mmoja. Feromoni inatoka nje na kupeleka habari kwa mwingine. Viwanda vinaitengeneza na kuiweka kwenye kipande kidogo cha mpira, ndicho chambo.

Chukua beseni la plastiki, lijaze maji, tia sabuni ya maji kidogo ili nondo akigusa azame, na vijiko viwili vya mafuta ya kula ili maji yasikauke haraka. Pitisha waya juu yake, uning'inize chambo sentimita chache juu ya maji. Weka chini, karibu na udongo, kwa sababu madume huruka chini. Mimi huweka mitego miwili kwa ekari, wiki moja au mbili kabla ya kuhamisha miche kutoka kitaluni. Chambo hukishika kwa kibanio au glavu, na usishike cha kantangaze kwa mkono ulioshika cha kiwavijeshi. Harufu zikichanganyika mtego unaharibika. Kinadumu wiki nne mpaka sita. Vya akiba vikae kwenye friza, na cha zamani usikitupe shambani, kitashindana na kipya.

Kila baada ya siku tatu hesabu waliozama, wachote, andika kwenye daftari. Usitegemee mtego umalize wadudu. Unakamata madume tu, na dume mmoja aliyebaki anaweza kupanda majike kadhaa. Imeonekana pia maabara kwamba jike anaweza kuzaa bila dume. Wanaotaka kupunguza idadi kwa mitego huweka 20 mpaka 40 kwa hekta, na hata wao hawaachi njia nyingine. Kwangu kazi yake ni kuniambia tarehe.

Inafanyika hivi. Tuseme kwa wiki mbili umekuwa ukipata nondo watatu, wanne, watatu. Ghafla beseni lina kumi na tisa. Nondo wapya wametoka. Jike anaweza kutaga mpaka mayai 260 maishani, na sehemu kubwa anayataga ndani ya wiki ya kwanza baada ya kupandwa. Mayai hutotolewa kwa siku nne mpaka sita. Kwa hiyo tangu siku ya ongezeko ninahesabu. Siku ya tatu naanza kukagua mayai, na kati ya siku ya nne na ya saba napiga dawa ya kundi la 15 au la 18. Lufenuroni naipenda mapema zaidi, mayai yakiwa bado yanatagwa, ili kiwavi anapotoka meno yake ya kwanza yakutane na jani lililopigwa.

Hesabu hii inategemea joto. Kwenye nyuzi 27 kantangaze anatoka yai hadi nondo kwa siku 24 hivi. Kwenye nyuzi 20 anachukua kama 40. Kwenye nyuzi 14 anaweza kufika siku 76. Mwenzangu wa Ruaha Mbuyuni, kule joto la bondeni, asinakili tarehe zangu za Ilula za mwezi wa saba usiku wa baridi. Asome beseni lake.

Kukagua kwa kioo

Nunua kioo cha kukuzia mara kumi. Ni kifaa cha bei ndogo, na kwa mtu wa dawa za homoni kina thamani kuliko bomba jipya.

Asubuhi tembea shamba kwa mstari wa herufi Z, simama kwenye miche ishirini. Kwa kila mche geuza majani ya theluthi ya juu, tazama upande wa chini, vikonyo, na kofia ya kijani ya tunda changa. Yai ni dogo sana, refu kidogo, rangi ya maziwa inayoelekea njano. Kiwavi mdogo ndani ya jani anaacha njia nyembamba inayong'aa. Akikua njia inakuwa kiraka kipana. Ukikiinua kiraka kwenye mwanga utamwona na kinyesi chake cheusi. Aliyekua ana rangi ya kijani na mgongo wa pinki, na nyuma ya kichwa ana mstari mweusi mwembamba.

Ukikuta wengi ni wa viraka vipana na mgongo wa pinki, umechelewa kwa kizazi hiki. Usipige lufenuroni kwa hasira. Chuma majani na matunda yaliyotobolewa, yatie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uuache juani siku kadhaa. Kama lazima upige, tumia dawa ya kundi jingine linalompata kiwavi anayekula, kama spinosadi, au bakteria wa Bt kwa wadogo. Kisha rudi kwenye beseni usubiri kizazi kijacho. Najua inauma kusubiri. Lakini mdudu mkubwa anayekaribia kuwa pupa hali tena, na dawa inayohitaji kuliwa haimwingii.

Bomba, maji na hesabu

Dozi siandiki hapa kwa sababu kila chupa ina yake. Ninachoweza kukupa ni njia ya kuifikisha shambani bila kubahatisha. Pima mraba wa mita kumi kwa kumi. Tia maji matupu kwenye bomba, pulizia mraba ule kama unavyopuliza siku zote, uone umetumia lita ngapi. Ekari ni takriban miraba arobaini ya namna hiyo. Ukitumia lita nne, ekari itakula lita 160, yaani mabomba kumi ya lita 16. Sasa kama lebo inasema, kwa mfano wa hesabu tu, mililita 500 kwa hekta, hekta ni ekari mbili na nusu, kwa hiyo ekari ni mililita 200, na kila bomba ni mililita 20. Tumia bomba la sindano au kikombe chenye alama. Kifuniko cha chupa si kipimo, vifuniko havilingani.

Jaza maji safi nusu ya bomba, tia dawa, koroga, malizia maji. Piga jioni upepo ukitulia. Kichwa cha bomba kielekee chini-juu, ili ukungu upate upande wa chini wa jani na kilele cha mche. Dawa hizi nyingi lazima ziliwe, kwa hiyo jani lisilopata dawa ni chakula salama kwa mdudu. Mvua ikinyesha kabla haijakauka, umepoteza.

Usichanganye na ile dawa kali ya kuua papo hapo "kuongeza nguvu". Sababu yangu kubwa ya kutumia homoni ni kwamba buibui na nyigu wadogo wengi wanabaki hai, na hao wanakula mayai na viwavi bila kulipwa. ICIPE wameleta kutoka Peru nyigu mdogo anayetaga ndani ya kiwavi wa kantangaze. Mdudu wa huko Amerika Kusini amefuatwa na adui yake wa huko. Ukipiga kali, unawamaliza na hao.

Na usirudie kundi moja msimu mzima. Kizazi kimoja huchukua kama mwezi wakati wa joto. Ndani ya mwezi huo kaa na kundi moja kwa idadi ya mara lebo inazoruhusu, kizazi kinachofuata hamia kundi jingine. Nina ukurasa wa daftari wenye namba za makundi tu: 15, 28, 18, 5. Kantangaze anajulikana kwa kuzoea dawa, na akishazoea homoni tutakuwa tumeivunja silaha nzuri kwa mikono yetu.

Siku tano za subira

Kabla hujapiga, funga uzi mwekundu wa sufu kwenye majani kumi yenye vijia vidogo, na kwa kalamu ya wino usiofutika zungushia mwisho wa kila kijia. Siku ya pili usiangalie kabisa. Siku ya nne na ya saba angalia. Usihesabu waliokufa, maana wamekwama ndani ya jani. Angalia kama kijia kimevuka alama. Kama saba au nane kati ya kumi havijavuka, dawa imefanya kazi. Kama vingi vimevuka, tafuta sababu: ulichelewa, hukupuliza chini ya majani, maji yalikuwa machafu, au wadudu wamezoea kundi hilo.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa yule mzee jioni ile, ingawa yeye alikuwa ameshapiga. Siku ya tano tulirudi kwenye nyuzi zake. Vijia sita vilikuwa vimesimama pale pale tulipochora. Nilipasua jani moja kwa ukucha, nikamwekea kiwavi chini ya kioo: mweusi upande mmoja, ngozi imechanika kifuani. Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza vile vinne vingine vimekuwaje, swali ambalo lilinifurahisha kuliko shukrani. Vinne vilikuwa vya viwavi wakubwa.

Mwarobaini, kwa asiye na hela ya chupa

Mwarobaini una azadiraktini, inayovuruga kutolewa kwa homoni ya kujivua na kumkatisha mdudu hamu ya kula. Nguvu iko kwenye mbegu zaidi kuliko majani, kwa hiyo wanaochemsha majani wanajichosha. Ilula miti yenyewe si mingi, mbegu naagiza kutoka Dodoma. Chagua zilizomenywa nyama na kukaushwa kivulini. Zenye ukungu zitupe, zina sumu yake. Menya ganda, twanga kiini, changanya gramu 500 za unga kwa lita kumi za maji, laza usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, piga jioni hiyohiyo. Jua linaivunja haraka, kwa hiyo hupigwa kila baada ya siku saba hivi. Haitaokoa shamba lililokwisha kuvamiwa. Kwa bustani ya nyumbani na kwa miche michanga inasaidia sana.

Yasiyo ya kupuuza

Binadamu hatuna ekdisoni wala hatujivui ngozi namna ile, ndiyo maana dawa nyingi za kundi hili zina hatari ndogo kwetu kuliko zile kali za zamani. Ndogo si sifuri. Ndani ya chupa kuna viyeyushi vinavyounguza macho na ngozi. Vaa glavu, buti, barakoa na shati la mikono mirefu, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zifuate kama lebo inavyosema, hata kama gari la Dar limeshafika sokoni.

Wanaoumia kweli ni wengine. Kaa na kamba nao hujivua na magamba yao ni ya kitini, kwa hiyo kuosha bomba mtoni baada ya kupiga lufenuroni ni kuwaua. Osha shambani, mwaga maji kwenye mistari uliyopiga. Anayefuga nondo wa hariri karibu yako mwambie mapema, na karibu na mizinga ya nyuki usipige maua yakiwa wazi; watoto wa nyuki nao wanakua kwa homoni hizihizi.

Mtu mmoja aliniuliza kama anaweza kutia piriproksifeni ya shambani kwenye pipa la maji ya nyumbani, kwa kuwa alisikia inazuia mbu. Ni kweli Shirika la Afya Duniani linakubali piriproksifeni na methopreni kwenye maji ya kunywa dhidi ya viluwiluwi vya mbu, lakini kwa bidhaa zilizotengenezwa kwa ajili hiyo na kwa kiasi kidogo mno. Ya shambani ibaki shambani.

Mavuno yakiisha, ng'oa mashina siku ileile, yafukie au yafunike kwa nailoni juani, na ng'oa mnavu ulioota pembeni, kwa sababu kantangaze anakula na huo. Lima ili pupa walio kwenye udongo wapigwe jua. Beseni usiliondoe. Mimi naliacha na chambo chake wiki nne nyingine katika shamba tupu, naendelea kuandika. Msimu uliopita liliendelea kukamata mpaka siku ya ishirini na sita, kisha likanyamaza. Miche ya kitaluni niliihamisha wiki iliyofuata.